Mpwa wangu anataka kusoma sheria, mimi nimeshika fomu ya mdhamini. Deni la Bodi linalipika?

KARANI WA MIZANI, Tandahimba

Wakuu, salaam. Mimi ni karani wa mizani kwenye AMCOS moja, chama cha msingi cha wakulima, huku Tandahimba, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi yangu ni kusoma kilo, kuandika kilo na kugombana na watu kuhusu kilo. Nasema mapema ili anayenijibu ajue anaongea na mtu wa hesabu za gunia, chuo sijakikanyaga.

Kilichonileta ni karatasi. Iko hapa mezani, nimeiwekea kikombe isipeperuke. Ni fomu ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, na kuna sehemu ya mdhamini inayongoja sahihi yangu, namba ya NIDA na picha ndogo. Mpwa wangu Hadija amemaliza kidato cha sita, HGL, daraja la pili, na hivi sasa yuko JKT Nachingwea kwa mujibu wa sheria. Baba yake ni marehemu. Kwetu Makondeni mnajua wenyewe, pakiwa na jambo mjomba ndiye anayeitwa. Dada yangu hakuniuliza kama nataka. Alimpa fomu dereva wa Noah na ujumbe mmoja: "Kaka, saini, mtoto asichelewe."

Kusaini si kazi. Kazi ni kwamba nilishika kalamu nikaanza kupiga hesabu, na mimi nikianza kupiga hesabu silali.

Hadija anataka kesi za jinai. Mikataba na viwanja havitaki, ni jinai tu. Baba yake aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, yeye Hadija akiwa darasa la tano, na kesi ile iliahirishwa mpaka mashahidi wakaishiwa nauli. Alikuwa anafuatana na mama yake, amebeba chupa ya uji wa mdogo wake. Wanakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, mwisho anatoka mtu anawatajia tarehe nyingine. Siku moja tunarudi akaniuliza, "Mjomba, yule aliyesimama upande wetu anaitwa nani?" Nikamwambia ni mwendesha mashtaka. Akasema, "Mbona hata jina la baba halijui?" Neno lile hajaliacha mpaka leo.

Amechagua viwili. Cha kwanza ni LLB, yaani shahada ya sheria yenyewe, miaka minne. Cha pili ni ile digrii ya usimamizi wa sheria pale UDSM, miaka mitatu, ambayo ukisikia jina lake unaona imeshonewa polisi, uhamiaji, magereza na TAKUKURU. Dada anaipenda ya miaka mitatu kwa sababu ni mitatu. Hana sababu nyingine.

Nikichukulia ada ya 1,300,000 kwa mwaka, bumu, ile hela ya kujikimu, ya 10,000 kwa siku kwa siku 240, na 200,000 ya vitabu, mwaka mmoja unakula 3,900,000. Minne ni 15,600,000. Mitatu ni 11,700,000. Hapo nimehesabu kama Bodi imempa asilimia mia.

Sasa niigeuze kwa lugha yangu. Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu chetu cha ushirika, msimu wa Oktoba 2024, bei ilifika 4,120 kwa kilo, watu wakapigiana simu hadi usiku. Korosho za dada yangu zilikuwa bado zimeanikwa. Alipozileta mizani bei ilishateremka, akapima kilo 612, na baada ya makato yote ikamwingia kama 3,000 kwa kilo. Milioni 1.8 na chenji. Kwa hiyo LLB ni kilo 5,200. Ni misimu minane na nusu ya shamba lile, bila kula, bila palizi, bila petroli ya bomba la kupulizia salfa, na bila mtu yeyote kuumwa.

Huo ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili sina jiwe la kuweka. Waliosoma mambo haya ninaowafahamu ni wawili: mmoja anavaa tai na haongei na watu, mwingine anaendesha bodaboda ya shemeji yake Masasi, na vyeti vyake viko kwenye begi la nailoni chini ya kitanda.

Na kuna hofu nyingine. Kwa msio wa kusini, huku tuna kitu kinaitwa kangomba. Mtu anakuja mwezi wa tano, mkorosho haujatoa hata ua, wewe umebanwa na ada au msiba, anakupa hela. Msimu ukifika anachukua korosho zako kwa kipimo chake mwenyewe, bakuli lenye kilima juu. Kila mwaka wanakamatwa na kila mwaka wapo. Ninachoogopa ni kumuuza Hadija kangomba, nikaweka sahihi leo kwenye mshahara ambao bado haujachanua.

Naombeni wenye namba. Mnakatwa ngapi, mnabaki na ngapi, mlikaa muda gani kabla ya kulipwa. Ile ya elimu ni ufunguo wa maisha ninayo tayari, imeandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi, napita hapo kila siku.


BINTI MIKINDANI

Shikamoo mjomba. Mimi ni afisa sheria kwenye halmashauri moja ya mkoa wa Lindi, kwetu ni Mikindani. Umeomba namba, basi nimefungua slipu yangu ya mshahara.

Mshahara wa msingi 860,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5, wanachukua 43,000. Kodi 82,250. Bima ya afya 25,800. Chama cha wafanyakazi 17,200. Halafu unakutana na mstari wa HESLB, hao ndio Bodi ya Mikopo, asilimia 15, yaani 129,000. Kinachofika benki ni 562,750. Nyie wa korosho mnaita unyaufu, sivyo?

Angalia vizuri hiyo 15. Inapigwa kwenye mshahara wa msingi. Wengi wanapiga kwenye kile kinachobaki baada ya makato mengine, wanapata kama 104,000, wanapanga maisha kwa hesabu hiyo, kisha mwezi wa kwanza wanashangaa elfu ishirini na tano imekwenda wapi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeshamuahidi mwenye nyumba.

Deni langu ni 11,400,000, kwa sababu sikupewa asilimia zote na bumu wakati wetu haikufika 10,000. Kwa 129,000 ni miezi 88. Hadija na hiyo 15,600,000 yako, akianza na mshahara kama wangu, ni miezi 121, miaka kumi na mwezi wa kubembeleza. Mshahara ukipanda na makato yanapanda, ataliwahi kidogo.

Halafu mjomba, deni la siku hizi halizai kama la kwetu. Sisi tulikuwa na asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na juu yake faini ya asilimia 10 ukichelewa kuanza kulipa. Nilimaliza chuo 2017, kazi hakuna, na kila nikichungulia taarifa ya deni nakuta limenenepa kunizidi. Mei Mosi 2021, Rais Samia akiwa Mwanza, akatangaza ile 6 inafutwa. Nilikuwa nasikiliza redio ya simu huku nakaanga samaki. Samaki waliungua, mama akaja mbio akidhani kuna msiba. Faini ya 10 nayo ikaondolewa mwaka huohuo.

Ila usiiamini sana slipu, kuna ambalo haikuonyeshi. Chuo nimemaliza 2017, mshahara wa kwanza nimeuona 2022. Katikati hapo kuna Law School, shule ya mafunzo ya vitendo baada ya LLB, pale Dar, Sam Nujoma karibu na stendi ya Mawasiliano, ambako bila kupita huwi wakili, huwi hakimu, huwi afisa sheria kama mimi. Mwaka wangu ada ilikuwa 1,570,000 na mkopo wake sikupata. Chumba Sinza mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Nguo nyeusi na nyeupe zisizo na doa, viatu vya kufunika, makaratasi ya kuchapa kila wiki. Mama aliuza kiwanja cha Naliendele. Leo pana nyumba ya mtu yenye bati la bluu, na kila tukipita kwenye daladala mama anageuka kuangalia upande wa pili.

Baada ya hapo nikawa kwenye ofisi ya wakili, napewa 5,000 ya nauli kwa siku, siku nyingine sipewi. Usaili Dodoma mara nne, kwa basi. Ukichukua miezi 60 ya kukaa bila mshahara, hata kwa 500,000 tu kwa mwezi, ni milioni 30. Ile milioni 11 ya Bodi haijawahi kuninyima usingizi. Iliyonikondesha ni hii nyingine, maana hii hakuna rais wa kuifuta.

Kwa hiyo usipime deni peke yake. Pima na muda wa kusubiri, na uulize nani atamlisha wakati huo.


DOGO WA MASASI

Mjomba, huyo wa begi la nailoni ni mimi au? Maana niko Masasi, na pikipiki ni ya shemeji 😂

Mimi ni sosholojia lakini, vyeti viko kabatini. Ninachojua kuhusu Bodi: wanakupa miezi 24 ya kupumua ukishamaliza. Baada ya hapo kama umejiajiri wanataka 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya mapato yako. Meseji zao zinakuja kwa adabu sana. Mimi nalipa msimu wa korosho, abiria wakiwa na hela. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tisa tunasalimiana tu.


AFANDE WA UFUTA, Nachingwea

Habari zenu. Nimestaafu Jeshi la Polisi nikiwa na V tatu mkononi, yaani sajenti, sasa nalima ufuta. Niseme upande wa magwanda, maana naona mama mtu anaitaka ile ya miaka mitatu akidhani ndiyo mlango wa polisi.

Niliingia depo Moshi na kidato cha nne. Miaka yangu ya mwisho kituoni waliletwa vijana wawili, depo moja, gari moja. Mmoja wa kidato cha nne, mwingine wa digrii. Wote makonstebo, mikono haina kitu, lindo la usiku zamu moja. Wa kidato cha nne alikuwa na miaka 21 na hadaiwi hata na muuza chai. Wa digrii alikuwa na 28, na makato ya Bodi yalimpokea mlangoni. Usiku mmoja nimekwenda kukagua lindo nikamkuta amekalia tofali getini, tochi ya simu mdomoni, anaandika hesabu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Aliponiona akasimama akapiga saluti kwa mkono uleule wenye hesabu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya. Baada ya muda yule wa digrii alichukuliwa upelelezi, na mwenzake nilimwacha getini palepale. Digrii inasaidia baadaye. Mwanzoni haisaidii kitu.

Kwa hiyo kama binti anataka gwanda, ana njia fupi. Ana kidato cha sita na yuko JKT tayari, asubiri tangazo aombe. Matangazo ya karibuni kidato cha nne na cha sita ni miaka 18 hadi 25, wenye digrii mpaka 30, na awe hajaolewa, hana mtoto, hana michoro mwilini. Akishaingia asome Chuo Kikuu Huria akiwa kazini, kituo kipo Mtwara na Lindi kipo. Namfahamu aliyesoma sheria hivyo, vitabu viko kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda cha kambini. Alitumia miaka mingi, na kila mtihani ilikuwa kuomba ruhusa kwa mkuu wake kama anaomba posa. Lakini hadaiwi.

Sasa lile swali la mtoto. Mimi mwenyewe nilishasimama mahakamani kuendesha mashtaka, kwa kidato cha nne changu hikihiki. Ilikuwa kawaida. Ilipokuja sheria ya 2008 ya usimamizi wa mashtaka, wanasheria wa serikali wakaanza kushika kesi mkoa kwa mkoa, sisi tukabaki na kupeleleza na kuleta mashahidi. Asidanganyike kwamba akivaa gwanda atasimama pale. Na majina ya marehemu, mjomba, ni kweli tulikuwa hatuyajui. Majalada yanakuwa mengi, jina unalisoma unapanda ngazi. Mtoto alisema kweli, na nimelisoma hilo mara mbili.


KARANI WA MIZANI

Marahaba binti, na asante. Hizo namba zako nimeziandika nyuma ya kalenda. Hiyo ya kiwanja cha Naliendele nimemsomea mke wangu, akanyamaza, akaenda kuchota maji na ndoo imejaa.

Afande, shukrani. Nilimpigia Hadija Jumapili, huko kambini wanapewa simu kwa dakika. Nikamwambia habari ya polisi. Akasema, "Mjomba, gwanda nimevaa wiki tano, linawasha." Basi hilo nimelitoa mezani.

Kilichobaki: hiyo digrii ya miaka mitatu inaweza kumfikisha kwenye kusimama pale mbele, au haiwezi? Na mimi mdhamini, asipolipa wanakuja kuchukua mikorosho yangu?


WAKILI WA SHANGANI

Mjomba, habari za huko juu. Mimi ni wakili wa kujitegemea Mtwara mjini, mzaliwa wa Newala, nimesomeshwa na korosho kwa hiyo lugha yako naielewa.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Haiwezi. Law School inapokea mwenye shahada ya sheria, LLB. Ile ya miaka mitatu ni digrii halali na ina kazi zake, upelelezi, uhamiaji, ulinzi wa makampuni makubwa, lakini mlango wa Law School haiufungui. Na matangazo ya Wakili wa Serikali, ambao ndio wanaoendesha mashtaka, yanataka LLB na Law School. Ya Hakimu Mkazi hivyohivyo. Kwa hiyo ile tofauti ya 3,900,000 uliyoipata ndiyo bei ya mlango wenyewe. Akichukua mitatu ili kuokoa hela, atakuwa amenunua gunia zuri lisilo na korosho.

Msimfiche na hili. Law School inaangusha. Matokeo yaliyotoka Oktoba 2022 watu walizungumza nchi nzima: waliofanya mitihani 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia masomo 342, walioondolewa 265. Serikali iliunda kamati kuangalia, Dkt. Mwakyembe ndiye aliyeiongoza. Kurudia mtihani ni nauli nyingine, chumba kingine, mwaka mwingine usio na mshahara. Binti Mikindani kaeleza vizuri, na hapo alikuwa na bahati ya kupata ajira.

Asipopata ajira ya serikali atakuwa kama mimi. Jinai Mtwara haina hela, ajue mapema. Mteja wa jinai ni mama aliyekuja na kitenge kichwani, mwanawe yuko rumande Lilungu, ana 50,000 na kuku. Kesi za mauaji mahakama ndiyo inampangia mshtakiwa wakili, serikali inalipa, na malipo yake hayajengi. Nimekwenda Mahakama Kuu kumtetea mtu mzima mwenzangu aliyeshtakiwa kwa mauaji, nimekesha siku tatu na jalada, na mwezi huohuo nikapata zaidi kwa mkataba mmoja wa kiwanja cha Mangamba ulionichukua nusu saa. Jinai naifanya kwa kupenda, kodi ya ofisi inalipwa na viwanja na viapo. Na kabla hujagonga hata muhuri mmoja kwa mwaka kuna leseni ya uwakili, ada ya chama chetu cha mawakili, TLS, na makadirio ya TRA.

Namba zangu? Mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili, korosho zikiwa zimelipwa, watu wanakumbuka kesi zao, naweza kupata milioni mbili na nusu. Mwezi wa nne niliwahi kupata 140,000 na nikadaiwa umeme. Deni langu la Bodi nilimaliza mwaka wa tisa.

Sasa kangomba. Mjomba, ulifananisha nikacheka, halafu nikakaa nikafikiri, nikaona hapana. Mwenye bakuli haulizi kama mwaka huu ubwiri unga umekula maua yote. Anataka debe zake, usipokuwa nazo anataka za mwakani na baiskeli. Bodi inakata asilimia 15 mahali penye mshahara. Hakuna mshahara, hakuna mstari kwenye slipu. Wanadai, ndiyo, muulize Dogo wa Masasi na meseji zake. Lakini hawabebi mti. Kama unatafuta kangomba kwenye safari ya Hadija, utamkuta mwaka wa tano, siku ile amemaliza LLB hana hela ya Law School na kuna mtu mwema wa mjini anamwambia njoo nikukopeshe. Huyo ndiye mwenye bakuli.

Kuhusu wewe mdhamini: hukupeleka hati ya shamba, kwa hiyo mikorosho yako hujaiweka rehani. Ulichoweka pale ni jina, picha na NIDA. Binti akipotea watakutafuta wewe, na unawajibika kwa kiasi gani ni tamko la mdhamini kwenye fomu ndilo linalosema. Isome fomu neno kwa neno kabla ya kusaini, si kwa sababu ya Bodi tu, kila karatasi. Wewe karani unalijua hilo kuliko mimi.


BINTI MIKINDANI

Nakazia hapo kwa wakili kuhusu mwaka wa tano. Mama yangu angejua mwaka wa kwanza, kiwanja kingekuwepo. Tulikuja kuijua Law School nikiwa mwaka wa nne, tena kwa kusikia kwenye korido.


KARANI WA MIZANI

Nimerudi. Jana tulikaa kikao kwa dada, mimi, yeye, mama yetu mkubwa, na mdogo wake Hadija ambaye hakualikwa ila alikuwepo. Nilikwenda na kalenda.

Dada alianza na yake: mitatu ni michache. Nikamsomea ya wakili kuhusu mlango. Akauliza kama haiwezekani kuomba UDSM wampunguzie mmoja. Tukaliacha lipite. Kisha nikamwonyesha 1,570,000, nikaigawa kwa misimu minne, nikaigawa tena kwa 3,000. Inakuja kilo 131 kila msimu. Gunia moja na nusu na kidogo. Nikamwambia kilo 131 za mwanzo kabisa, zile nyeupe za juani, mimi ndiye nitakayezipima, na hela yake inaingia akaunti ya peke yake ambayo kadi naishika mimi na namba ya siri anaishika yeye. Bumu itamlisha mtoto, sisi tusitume hela ya matumizi kila akipiga simu, tuiweke hiyo ya mwaka wa tano. Chumba cha Sinza bado sijakipatia kilo zake. Labda Bodi watampa na huo mkopo wa Law School, labda bei itapanda, labda mvua. Nimekiacha wazi kwenye kalenda.

Mama mkubwa, ambaye alikuwa amesinzia, akauliza, "Kwa hiyo akimaliza atamfungulia tena kesi baba yake?" Hakuna aliyejibu. Dada akaondoka kwenda kutoa ubuyu wa watoto.

Nimesaini. Kikombe kiliacha duara kwenye kona ya fomu, natumaini hawatairudisha kwa ajili ya chai.

Ila limeibuka jingine, na hili ndilo linanitoa jasho kweli. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija. Cha kidato cha nne kinasema Khadija. Na cha kifo cha baba, kinachotakiwa kuhakikiwa RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, kimeandikwa jina la ukoo kwa herufi pungufu moja. Dirisha la maombi halitusubiri. Wakili, hilo linatengenezwaje, na natakiwa niteremke mpaka mjini?


WAKILI WA SHANGANI

Linatengenezeka, huwa napata kama hivyo kila mwaka msimu huu. Uhakiki wa RITA muanze leo mtandaoni kwa vyeti vilivyo sawa, hicho chenye kasoro kitafuata. La Hadija na Khadija ni kiapo cha majina, kwamba yote ni ya mtu mmoja. La marehemu ataapa dada yako, kwa hiyo aje yeye mwenyewe na kitambulisho, wewe huwezi kumwapia.

Pandeni Noah ya alfajiri Jumanne. Jumatatu niko Mahakama Kuu. Njooni na vyeti vyote halisi, msije na picha za simu. Malipo ya kiapo tutaongea, ila korosho zilizobanguliwa kilo moja sitazikataa, na usizipime wewe.